Aliyeanguka sio wa kuulizwa kama anaweza kuendelea

Najua hii itaudhi watu kadhaa ninaoendesha nao wikendi, lakini wacha niseme tu. Mtu akianguka na baiskeli barabarani, yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kufaa kuamua kama ataendelea. Na sisi tunafanya kinyume kila mara. Jamaa anaenda chini, tunasimama, tunamzunguka, swali la kwanza ni "uko sawa?" na jibu analo tayari hata kabla hajajua ako wapi: niko sawa, twendeni. Basi usukani unanyooshwa, cheni inarudishwa, mtu anampiga mgongoni eti huyo ni chuma, na safari inaendelea. Hapo ndipo mimi sikubali.

Kama unaona natia chumvi tafuta ile video ya Toms Skujiņš wa Latvia, Tour of California ya 2017. Anaanguka kwenye mteremko, anajaribu kusimama miguu inamkatalia, anayumba mpaka katikati ya barabara na wenzake wanashuka kwa kasi wanamkosa kidogo tu, anaanguka tena, na bado mikono inatafuta baiskeli. Akapanda, akaenda! Baadaye ndio akatolewa kwenye mbio, mtulinga umevunjika na ubongo umetikiswa. Sasa niambie pale nani alikuwa anaamua. Na 2020 kwenye Tour de France, Romain Bardet alianguka hatua ya 13, akaamka, akamaliza siku nzima ya milima, kisha akapimwa ikaonekana kuna damu kidogo imevuja kichwani. Huyo ni mtu mwenye daktari wa timu, gari nyuma, redio sikioni. Tangu 2021 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ina utaratibu wake wa kushughulikia mtikisiko wa ubongo kwenye mbio, na hata hivyo bado ni kazi ngumu, kwa sababu dakika ya kumwangalia mtu vizuri ni dakika ambayo kundi linaenda.

Sisi hatuna hata hilo la kutuharakisha. Nani anatukimbiza Limuru Jumapili asubuhi?

Niwape picha moja. Ni Julai, ile Limuru ya ukungu na manyunyu, barabara imebeba matope ya malori yanayotoka mashambani, kona inaenda kushoto na gurudumu la mbele la jamaa mmoja linateleza. Kuanguka kwenyewe hata hakukuwa kubaya kwa macho, alichubuka paja na kiwiko basi. Tukamkalisha kwenye kingo ya barabara. Akauliza baiskeli yake iko wapi. Tukamwambia umeishika. Akaiangalia, akatulia, akauliza tena baiskeli yake iko wapi, na mkono uko kwenye kiti cha hiyo baiskeli. Na huyo ndiye alikuwa ameshatuambia ako sawa twende tukanywe chai mbele.

Kwa hivyo swali la "uko sawa" litupwe. Muulize leo ni siku gani, tumetokea wapi, tunaelekea wapi, nani alikuwa mbele yake kabla aanguke. Akibabaika hata moja, safari yake imeisha, na sio yeye wa kupinga. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akianza kusinzia au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hiyo sio ya kupeleka nyumbani akapumzike, ni hospitali saa hiyo hiyo. Shingo ikiuma usimwinue, usimvute helmeti, mwache alale hapo alipo na wengine wasimame nyuma wazuie magari. Na hata akionekana poa kabisa, usiku huo asilale peke yake nyumbani.

Shida yetu ni usafiri. Mtu akianguka kitu cha kwanza kufika ni bodaboda, na kwa roho safi kabisa wanampakia katikati, mmoja mbele mmoja nyuma, shingo inacheza kwa kila tuta mpaka hospitali. Siwalaumu, wanasaidia kuliko wenye magari wanaopita wakirekodi na simu. Lakini kundi la watu ishirini wanaopanda baiskeli za bei ya pikipiki linashindwaje kuchanga mafuta ya Probox moja ifuate nyuma? Tunachangia jezi mpya kila mwaka, jameni.

Kuna ajali ambazo hakuna sheria yoyote ingeziokoa, hilo nalijua. Sule Kangangi, kapteni wa Team Amani, kijana wa Eldoret aliyekuwa anafungulia wengine njia, alianguka kwenye mbio za changarawe za Vermont Overland kule Marekani tarehe 27 Agosti 2022 na hakuamka. Alikuwa na miaka 33. Alijua baiskeli kuliko sisi wote na bado. Mimi habari zile zilinikalisha chini na mpaka leo nikishuka mahali pa changarawe namkumbuka. Ndio maana nakasirika nikiona tunachezea zile ajali ambazo zinaweza kuisha vizuri.

Haya, tuje kwa kupona, na hapa ndio uongo mwingi uko. Kila mtu akivunjika hapa kwetu anaambiwa mwangalie Froome. Chris Froome alizaliwa Nairobi, amefunzwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, kwa hivyo tunamchukulia kama wetu na sawa tu. Juni 2019 alikuwa anakagua njia ya hatua ya kukimbia peke yako dhidi ya saa, kwenye mbio za Critérium du Dauphiné mjini Roanne, Ufaransa, akatoa mkono kwa usukani apenge kamasi, upepo ukapiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta akiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko, mbavu, vyote vikavunjika. Akarudi mbioni Februari 2020, UAE Tour. Watu wanaishia hapo kwenye hadithi, alirudi! Hawamalizii kwamba mtu aliyeshinda Tour de France mara nne hakushinda tena, na kwamba hiyo miezi minane ilikuwa kazi ya kutwa, madaktari wa upasuaji, watu wa fizio, mshahara unaingia. Remco Evenepoel wa Ubelgiji naye aliruka ukuta wa daraja kwenye mbio za Il Lombardia kule Italia Agosti 2020, akavunja nyonga, mbio yake ya kwanza baada ya hapo ikawa Giro d'Italia ya Mei 2021 na hakuimaliza. Dhahabu mbili za Olimpiki ya Paris zilikuja 2024. Mwili ulienda na ratiba yake, si ya mashabiki.

Sasa walinganishe hao na kijana wetu anayeendesha mbio za hapa, mchana anapeleka mizigo au anafanya kazi kwa fundi. Mtulinga unataka wiki sita hadi kumi na mbili kushika kwa mtu mzima. Yeye wiki ya tatu ako barabarani, mkono mmoja unabeba uzito wote, kwa sababu asipopanda hakuna hela ya nyumba na kuna mwingine anayeitaka nafasi yake kwenye timu. Halafu sisi tunaandika kwenye WhatsApp "shujaa amerudi". Huyo hajarudi, huyo amesukumwa. Ukitaka kumsifu kweli mlipie kodi mwezi mmoja akae chini. Tunachangisha bili ya hospitali vizuri sana, hilo Wakenya hatufundishwi, lakini mchango unafungwa siku anayotoka wodini, na kupona ndio kwanza kunaanza siku hiyo.

Na michubuko nayo isidharauliwe. Lami ikikula ngozi, kidonda kinaoshwa na maji safi mengi na sabuni, mchanga wote utoke hata kama atalia, maana ukibaki ndani unaleta usaha na alama nyeusi ya maisha. Spiriti ya kumwagia kidonda wazi achana nayo. Kisifunikwe na pamba kavu, inashika, kesho ukiivuta unatoa na ngozi mpya, weka ile shashi (gauze) yenye mafuta. Na sindano ya pepopunda, aulizwe mara ya mwisho alidungwa lini.

Hali ya hewa ni hadithi ile ile, anayetetemeka naye sio wa kuulizwa. Kushuka Mai Mahiu na mvua ya kwanza, mafuta ya malori yote yameelea juu ya lami, mstari mweupe ni sabuni, vidole vimekufa ganzi huwezi hata kubana breki, na mtu anasema tumalizie tu ni karibu. Iamuliwe kabla ya kutoka: ikinyesha kabla ya mteremko tunarudi, kwisha. Kwenye mbio za Milan–San Remo kule Italia 2013, theluji ilipozidi mbio zilisimamishwa, wakapandishwa mabasi wakavushwa mlima, wakaanza tena ng'ambo, na hakuna mtu leo anasema Gerald Ciolek, aliyefika wa kwanza, hakushinda. Na Kigali, ubingwa wa dunia wa Septemba 2025, kilomita 267 za kupanda na kushuka, wanaume waliomaliza walikuwa 30 tu. Wengine wote, watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, walishuka kwenye baiskeli. Sijasikia mtu Kigali akiwacheka, watu walisimama kando ya barabara wakawashangilia wote.

La mwisho ni helmeti. Ile povu ya ndani imetengenezwa ili ivunjike badala ya fuvu lako, na ikishabonyea mara moja kazi yake imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa. Kwa hivyo helmeti ya mtumba ya Gikomba siinunui na nawaomba msinunue, hujui ilimtoa nani kwenye ajali gani huko ilikotoka. Afadhali mpya ya bei ya chini. Ukiipata, chukua kalamu ya rangi isiyofutika, andika ndani jina lako na namba ya mtu wa nyumbani, na kama kuna dawa mwili wako haupatani nayo andika pia. Simu yako itakuwa imefungwa na kidole chako, na sisi tutakuwa tunahangaika kutafuta ni nani wa kumpigia.