Eti matufaa ya karameli ni rahisi

Kila Septemba simu za watu zinajaa picha za matufaa yaliyovikwa karameli na chokoleti, yamechomekwa vijiti, yamepangwa juu ya majani mekundu yaliyopukutika. Chini yake pameandikwa: rahisi, haraka, tengeneza nyumbani. Majani mekundu! Kampala mwezi huo mvua inanyesha, mitaro inafurika, boda wamejibanza chini ya mabaraza ya maduka, na jani pekee linaloanguka ni la mgomba. Uganda hii, ukitaka kuona mtufaa usio na majani, panda hadi Kabale. Na huko nako hayapukutiki yenyewe. Mkulima anayanyofoa kwa mkono, tawi kwa tawi, ili mti udhani baridi imekuja na imepita, uamke utoe maua. Yaani hata mti unafanya kazi kwa kudanganywa, halafu mtu ananiambia rahisi.

Haya, twende soko la Nakasero. Matufaa yamepangwa piramidi, yanang'aa kuliko viatu vya bwana harusi siku ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa ukweni. Mengi yamesafiri kutoka Afrika Kusini, na mng'ao ule ni nta. Karameli haishiki juu ya nta: unalichovya tufaa, linapendeza dakika mbili, kisha koti lote linateremka na kujikusanya miguuni. Kwa hiyo chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kikubwa cha siki, zamisha kila tufaa kwa sekunde kumi tu, litoe na ulisugue kwa kitambaa kikavu mpaka ngozi ififie. Ndiyo, mng'ao umeulipia, na sasa unausugua utoke. Ukizidisha sekunde, ngozi inaanza kuiva na kulainika, na hapo hata nta ungeikumbuka kwa upendo.

Mchuuzi atakuchagulia makubwa. "Bosi, chukua hili, limejaa." Mkatalie kwa heshima. Unataka madogo ya gramu 120 hadi 150, magumu, yenye uchachu. Lile la kijani, Granny Smith, ndilo linalofaa, kwa sababu uchachu wake unapambana na sukari yote inayokuja. Lile jekundu lililolainika na kuwa la ungaunga, mwachie mgonjwa unayekwenda kumwona hospitali. Tufaa kubwa linakula karameli nyingi, ni zito kwa kijiti, na hakuna mdomo unaoweza kuling'ata.

Kijiti chenyewe ni mgogoro. Cha aiskrimu kinapinda. Cha mishikaki ya muchomo ni chembamba, hivyo tumia viwili kwa pamoja, na ncha kali uikate kabla mtoto hajajitoboa kaakaa. Kichomeke upande wa kikonyo, kiingie kiasi cha theluthi mbili. Kikitokeza upande wa pili, juisi inavuja na kuibandua karameli kutoka chini. Matufaa yakae mezani mpaka yakauke kabisa, yasiingie kwenye friji. Tufaa la baridi likikutana na hewa yetu linatoka jasho, na jasho linafanya kazi ileile ya nta.

Kwa matufaa sita ya kiasi hicho weka tayari sukari gramu 250, maji mililita 60, maji ya limau kijiko kidogo kimoja, siagi gramu 80, krimu mililita 200 na chumvi robo kijiko kidogo. Hapo kwenye krimu ndipo damu inapopanda. Nchi imejaa ng'ombe wa Ankole, maziwa yanashuka kwa malori kutoka Mbarara, lakini kikopo cha krimu kina bei ya kukufanya ukirudishe rafuni taratibu, usionekane. Basi chukua nusu lita ya maziwa yenye mafuta yote, yachemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka yabaki mililita 200, na limau ulipunguze liwe nusu kijiko, la sivyo maziwa yatakatika. Siagi iwe siagi. Ile ya kupaka yenye mafuta kidogo imejaa maji. Itarusha cheche, kisha mafuta yatajitenga na kuelea juu.

Sasa moto. Walioandika maelekezo wanasema "punguza moto kiasi" kwa sababu wana kitufe. Sigiri, jiko letu la makaa, haina kitufe. Funga kimlango cha chini, nyunyiza majivu kidogo juu ya makaa, na utumie sufuria nzito yenye kuta ndefu. Nyembamba inaunguza katikati wakati pembeni sukari bado haijayeyuka. Weka sukari, maji na limau, koroga mpaka sukari iyeyuke, na ikianza kuchemka toa mwiko. Usiurudishe. Chembe moja ya sukari kutoka ukutani ikiangukia katikati inaita wenzake, na sufuria nzima inageuka mchanga. Zile chembe za pembeni zishushe kwa brashi iliyoloweshwa. Limau limewekwa kwa sababu hiyohiyo: asidi inaipasua sukari iwe glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga vizuri kuwa chembe.

Kitabu kitasema subiri rangi ya kaharabu. Sukari yetu ya kawaida ina rangi ya kahawia tangu dukani, kwa hiyo itaonekana imeiva kabla haijaiva. Tumia pua, na udondoshe tone kwenye sahani nyeupe. Harufu ikitoka kwenye utamu mtupu ikawa ya kuungua kwa mbali, karibu nyuzi 170, epua. Moshi ukitoka umechelewa, na hakuna krimu itakayoondoa uchungu ule. Mimina krimu iliyopashwa moto, kidogo kidogo. Ya baridi inalipuka na kufoka hadi juu, na sukari ya nyuzi 170 haikung'ati kisha ikakuachia. Inanata huku inaendelea kuunguza. Watoto wakae nje. Ikikurukia, mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini. Si dawa ya meno, si samli, hata kama jaja, yaani bibi, amesimama mlangoni na kopo.

Ongeza siagi na chumvi, rudisha kwenye moto, na hapa ndipo maelekezo ya watu wa pwani ya mbali yanapotusaliti. Wanasema pika mpaka nyuzi 118. Wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu, maji yanachemka karibu nyuzi 96, na karameli katika hatua hii si kitu kingine ila maji yanayopungua. Ukingoja 118 hapa, utakuwa umekausha kupita kiasi na kutengeneza jiwe. Epua ikifika 114. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 111. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto, angalia yamepungukiwa nyuzi ngapi kufika 100, na utoe hizohizo kwenye 118. Nyuzi 170 za sukari usiziguse. Pale maji yamekwisha kuondoka, mlima hauna la kusema.

Huna kipimajoto? Wengi hatuna, kipo kile cha kuwekwa kwapani, na hicho hakifai. Dondosha karameli kwenye kikombe cha maji baridi. Ikitawanyika, bado. Ikijikusanya kuwa kidonge kinachosimama chenyewe lakini kinabonyea ukikibana, epua sasa hivi. Ikivunjika ka!, umepita, ongeza vijiko viwili vya krimu ya moto, ukoroge, upime tena.

Ukishaepua, subira. Kila mtu anachovya papo hapo kwa sababu familia imejazana jikoni, na karameli ya moto ni nyepesi, inatiririka yote. Ngoja ishuke kiasi cha nyuzi 85 hadi 90, ikianza kudondoka kwa utepe mzito. Inamisha sufuria, zungusha tufaa, liinue, ligeuze huku na huku mpaka ziada imalizike kudondoka, kisha kwangua chini yake kwenye ukingo. Weka juu ya karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi. Gazeti linabandika, na habari za siasa hazina ladha nzuri. Kaveera, mfuko wa plastiki, nayo inayeyuka. Ikiganda sufuriani kabla hujamaliza, ipashe kwa moto mdogo.

Nusu saa baadaye inakuja chokoleti. Kakao inalimwa Bundibugyo, inalimwa Mukono, inaondoka kwa magunia, inarudi imevaa karatasi ya dhahabu na bei ya dhahabu. Unahitaji gramu 200. Soma kwanza viungo. Ikiwa imeandikwa mafuta ya mawese badala ya siagi ya kakao, hiyo ni ya bei nafuu, na kwa kazi hii inafaa: iyeyushe, chovya, kwisha. Chokoleti halisi nyeusi inataka adabu. Yeyusha theluthi mbili juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji, ifike nyuzi 45. Epua, ongeza theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Ukiruka hatua hii itaganda polepole na kutoka mabaka meupe. Na jihadhari na mvuke. Tone moja tu la maji likiingia, chokoleti nzima inakakamaa kuwa tope, na tope hilo halivishi tufaa tena. Litie maziwa ya moto mnywe.

Chovya nusu ya chini tu, ili karameli ionekane juu. Kabla haijaganda, viringisha kwenye karanga zilizokaangwa na kupondwa, au simsim, yaani ufuta. Hapa tumewapita wenye majani mekundu: simsim iliyokaangwa vizuri, kutoka Lira au Gulu, na chokoleti nyeusi ni ndoa isiyohitaji mshenga.

Ile karameli inanyonya unyevu hewani, kwa hiyo siku ya mvua itaanza kulia baada ya saa chache. Kuliwa siku ileile ni bora. Yakibaki, yafunike na uyaweke kwenye friji, usiyaache mezani kwa siku. Kijiti kinafungua njia ya juisi kuingia kati ya tufaa na karameli, na mahali pale bakteria wa listeria wanastawi. Marekani, mwaka 2014 kuingia 2015, matufaa ya karameli ya kiwandani yaliwaugulisha watu 35 katika majimbo 12, na wengine walifariki. Mjamzito na mzee wapewe la leo leo.

Sufuria usiikwangue kwa kisu. Ijaze maji, irudishe juu ya sigiri, ichemke dakika kumi, karameli yote inayeyuka na kumwagika. Ila ifiche kwanza. Kuna mtu mzima ndani ya nyumba hiyo ambaye daktari alimkataza sukari, na ameshaingia jikoni na kijiko akiuliza kama kuna chai.