Laki Tatu na Nusu kwa Kopo la Maji

Jumapili shemeji alinifungulia boneti ya Noah yake nyumbani kwake Chang'ombe. Pembeni ya betri limefungwa kopo la plastiki, ndani vibati vya stenlesi vimezama kwenye maji yaliyotiwa kostiki, waya mbili nene zimetoka kwenye betri na mpira mwembamba umeingia kwenye bomba la hewa. Mapovu yanapanda. Madai ni kwamba mapovu hayo ni haidrojeni, inaingia kwenye injini na kupunguza petroli. "Shemeji, sasa hivi natembelea maji," akaniambia. Ile furaha usoni mwake ndiyo iliyoniuma. Fundi kamtoza laki tatu na nusu, na kwa mtu anayebeba abiria wa Kibaigwa hiyo ni ada ya mtoto.

Namwelewa kabisa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, roho mkononi. Mtu aliyebanwa hivyo akiambiwa kuna kitu kinapunguza mafuta, atanunua.

Lakini hesabu ya kopo lile haikai sawa popote, na nilikaa naye na kalamu tukaipiga. Umeme unaopasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni unatoka kwenye alteneta. Alteneta inazungushwa na injini. Injini inakula petroli ile ile. Chukua ampia 20 kwenye betri ya volti 12: hizo ni wati 240. Hata kopo likiwa zuri, lina seli sita zilizofuatana, kwa saa nzima linatoa kama gramu nne na nusu za haidrojeni. Nguvu iliyomo ni sawa na mililita 17 za petroli. Kijiko kimoja cha chakula. Sasa rudi nyuma uone gharama ya kukipata: robo tu ya nguvu ya petroli ndiyo inayofika kwenye kuzungusha, nyingine inaondoka kama joto, alteneta nayo inapoteza karibu nusu ya inachopewa. Ukijumlisha, umechoma kama mililita 200. Umetoa glasi nzima ya petroli kupata kijiko. Shemeji alinyamaza, akanyanyua glasi ya maji iliyokuwa mezani, akaitazama.

Nakubali moja. Haidrojeni inawaka kwa kasi kubwa kuliko petroli, na watafiti wa NASA miaka ya 1970 waliichanganya kwenye injini ili iweze kwenda na mafuta machache kwa hewa nyingi. Ila hawakuitengeneza kwa umeme wa alteneta. Na gari la siku hizi lina sensa ya oksijeni na kontroli boksi, kompyuta ya injini, inayolinda kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa hiyo anayekufungia kopo mara nyingi anakufungia na kifaa cha kuidanganya sensa. Hapo petroli inapungua kupita kiasi, injini inapata joto, na unachezea vali zako.

Wapo watakaonitajia Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, aliyedai gari lake linatembea kwa maji. Mahakama ya huko mwaka 1996 iliamua kuwa alifanya ulaghai, ikamwamuru awarudishie wawekezaji fedha zao.

"Mbona linakula kidogo kweli?" shemeji akauliza. Nikamuuliza fundi alifanya nini kingine siku ile. Alibadilisha plagi zote nne, akapuliza airi klina iliyojaa vumbi jekundu la barabara za vijijini, akajaza upepo tairi. Na tangu siku hiyo shemeji mwenyewe hakanyagi mafuta kama zamani, maana macho yake yako kwenye geji. Kazi hiyo ingemgharimu sehemu ndogo ya pesa aliyotoa, na ndiyo iliyompa nafuu.

Fundi, nina ombi moja. Tukutane sheli, tujaze tangi hadi shingoni, twende Manyoni na kurudi kopo likiwa linafanya kazi, tujaze tena tuandike lita. Kesho yake dereva yule yule, mwendo ule ule, fyuzi ya kopo tumeichomoa. Mafuta ya siku zote mbili nalipa mimi. Lita zikipungua kwa sababu ya kopo, nakuja kufungiwa la kwangu. Zisipopungua, mrudishie shemeji pesa yake, shule zinafunguliwa.