Wateja wa santuri si watalii peke yao
Makala moja inadai kwamba kibanda cha santuri kuukuu cha Kenyatta Market, Nairobi, kinategemea wageni wanaokusanya vitu vya kale, lakini sisi wa mitaa ya jirani tulimzoea mwenye kibanda tangu alipokifungua mwaka 1989, enzi ambayo kaseti zilikuwa tayari zimetawala. Aliishika santuri kingoni tu, akaiinamisha mwangani kutafuta mikwaruzo, kisha akakupigia uisikie kabla hujalipa, huku moshi wa nyama choma ukipenya kutoka vibanda vya pili. Rumba ya Kongo kwenye santuri ndogo hakukubali uihukumu kwa upande wa kwanza, kwa kuwa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, mara nyingi ilikuwa upande wa pili, na sijui muuzaji mwingine mwenye subira hiyo. Je, wenzangu, ya kwanza kununua kwake ilikuwa ipi?