Gesi ya friza haiishi, mafundi wenzangu

Wiki iliyopita niliitwa Tandika, kwa mama mmoja anayeuza samaki na kuku wa kugandisha. Friza lake la kulala, lile kubwa la milango miwili, halishiki baridi. Hata begi sijatua, ananiambia, "Fundi, we jaza tu gesi. Mwenzio alijaza kabla ya mfungo, naona imeisha tena." Kaongea kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza mtungi wa jikoni.

Nikalivuta friza toka ukutani, nikachungulia kompresa. Ule mrija wa kujazia gesi umebaki kipande cha kidole. Kila fundi aliyepita kaukata, kajaza, kaubana kwa koleo, kauchomelea, kachukua hela yake kaondoka. Makovu yamepandana. Na hapo kando, kwenye kiungo cha bomba linalorudi kutoka kwenye evapo, yale mabomba ya ndani yanayoleta baridi, kuna doa la mafuta limeshika vumbi jeusi. Tochi haihitajiki. Gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo tundu lenyewe linajichora. Nikasukumia naitrojeni, nikapaka povu la sabuni, likaanza kuvimba puto moja moja, polepole. Basi. Hiyo ndiyo "gesi imeisha" ya tangu mwaka jana.

Jamani. Gesi ya friza haiungui na hailiwi na kitu. Kompresa inaisukuma, inapoa kwenye kondensa, mabomba ya kutolea joto, inakuwa kimiminika, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu na kapilari, kale kamrija kembamba, inachemka ndani ya evapo ikibeba joto la samaki, inarudi ilikotoka. Mzunguko umezibwa tangu kiwandani. Ndiyo maana kuna mafriji ya zamani majumbani yamekaa miaka ishirini na gesi ileile, hakuna aliyeyagusa. Ikipungua, imetoka, na kama imetoka kuna mahali imepitia. Fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo ameuza gesi, friza hajatengeneza.

Mngekuwa mnapoteza hela ya gesi peke yake, nisingeandika leo. Tatizo ni yanayotokea ndani friza likiendelea kufanya kazi na tundu. Chukua R134a, moja ya gesi za friza. Inachemka kwenye nyuzi -26 hivi kwa mgandamizo wa hewa ya kawaida. Friza likitafuta baridi kali, evapo ikashuka chini ya hapo, mgandamizo wa upande ule unakuwa mdogo kuliko wa hewa ya nje. Tundu lililokuwa linatoa gesi linaanza kuvuta hewa ndani. Na hewa ya Dar mnaijua, shati tu likianikwa mwezi wa nne linagoma kukauka. Yale maji yanasafiri mpaka mdomoni mwa kapilari yanaganda, njia inaziba. Baridi inakata. Barafu ya mdomoni inayeyuka, friza linarudi kazini, mama anamshukuru Mungu. Kesho linaziba tena. Wateja wangu wanaita "linazingua kwa msimu".

Maji hayohayo yakikutana na mafuta ya kompresa za gesi hizi yanazaa asidi, na asidi inatafuna waya za mota. Halafu kompresa yenyewe hupozwa na gesi inayorudi. Gesi ikiwa kidogo, inazunguka usiku kucha bila kupumzika, inachemka mpaka ukiigusa unaungua mkono. Luku inaliwa. Mwisho inakufa. Sasa anaitwa fundi yuleyule, anaishika, anatikisa kichwa kwa huzuni: "Mama, kompresa imeungua, umeme wa mtaa wenu huu…" Ametoka hapo msafi, na mama anaanza kuchangisha hela ya kompresa mpya, ambayo itafungwa kwenye mabomba yenye tundu lilelile na asidi ileile.

Nakubali, umeme nao unaua kompresa. Ukikatika na kurudi papo hapo mgandamizo haujasawazika, mota inashindwa kuanza, ndiyo maana friji guard, kile kifaa cha kulinda friji na umeme, inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Nunueni, si anasa. Lakini umeme usibebeshwe kila maiti.

Kazi inavyotakiwa kila mmoja wetu anaijua, kama alikaa darasani VETA au kama alifundishwa na bwana mkubwa gereji. Unatoa gesi iliyobaki, unapima kwa naitrojeni, unaziba, unabadilisha draya, unapiga vakyumu, yaani unanyonya hewa na unyevu wote, kwa pampu yake, unajaza kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa mizani! Wapo wanaojaza kwa kusikiliza mlio. Wapo wanaopima kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea kwa sababu naitrojeni ni ghali. Oksijeni ikikutana na mafuta kwenye mgandamizo inalipuka, nadhani hawa wana ahadi nyingine na Mola. Na wapo wanaokuta kibandiko kimeandikwa R600a, gesi nyingine kabisa, wakapiga R134a, ati ni zilezile. R600a inawaka moto, bwana. Mimi nimeona kijana amewasha tochi ya kuchomelea gesi ikiwa bado ndani ya bomba, nyusi zake zilichukua muda kurudi.

Mwaka 2016 mataifa yalikaa hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii ya R134a na R404A, kwa sababu kilo moja ya R404A inalipasha anga joto karibu mara 4,000 ya kilo ya hewa ukaa. Huku kwetu fundi anafungua bomba uani, fyuuu, anasema "tunaisafisha".

Haya, wateja nao siwaachi. Ukimwambia mtu kazi hii ni ya kutwa nzima na bei yake ni hii, anakuangalia kama umetoka kumwibia. "Kwani umefanya nini, si umepaka sabuni tu?" Atakuacha, atamwita wa elfu arobaini, na huyo wa elfu arobaini kwa bei hiyo hawezi kubeba hata mtungi wa naitrojeni kwenye bodaboda. Kwa hiyo ndiyo, ubabaishaji wetu una mnunuzi. Na kuna siku hata mimi ningejazia tu: mzigo wa sikukuu umo ndani, saa tatu usiku, pa kuuhamishia hakuna. Okoa mzigo. Lakini mwambie mwenye mali kwamba umefunga kitambaa kwenye kidonda, na urudi.

Na ninyi wenye friza: kisu. Acheni kubandua barafu kwa kisu. Nyuma ya kile kibati chembamba kuna bomba. Maji ya chumvi ya samaki yasilale chini ya friza, yanakula bati. Kondensa ifutwe vumbi. Raba ya mlango ukibana karatasi ikachomoka bila kuvutwa, imekufa. Samaki wa moto kutoka juani msishindilie friza zima kwa mkupuo mmoja mkategemea miujiza.

Kinachoniuma zaidi ni kile kilichomo ndani. Mtaji wa yule mama ni wa kikoba. Samaki aina ya changu wakilainika na kuganda tena nyama inakuwa uji, chini ya mfuko utakuta maji ya damu yameganda bapa, na mnunuzi mzoefu akiona hayo anarudisha mfuko na kwenda kibanda cha pili. Samaki wa kugandisha anatakiwa nyuzi -18 au chini yake, muda wote. Friza la kujazwajazwa gesi haliwezi kumpa hilo. Anauza kwa hasara, au anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kuwapikia wanawe, na marejesho ya kikoba hayajui habari za kapilari.

Kuanzia mwezi huu kila friza ninalotengeneza nabandika karatasi nyuma yake, nimeifunika na selotepu isilowe: aina ya gesi, gramu, tarehe, mahali palipovuja, na namba yangu ya simu. Fundi atakayekuja baada yangu asome kabla hajakata mrija. Na akikuta nimedanganya, namba hiyo hapo, anipigie mbele ya mteja.