Nimelipa Nauli ya Kwenda Kula Muhogo

Jamani, mtu akiuza pikipiki yake ili aende ng'ambo anakwenda kutafuta nini? Si anakwenda kuona asichokijua? Mwenzenu nimetoka Mombasa, nimebadilisha ndege Ghuba, nimechomwa sindano ya homa ya manjano na kile kikadi chake nimekilinda kuliko pasipoti, maana ukitoka Kenya bila hicho India hawakupokei. Haya, nikateremka Kochi, jimbo la Kerala, kusini kabisa. Mlango wa uwanja ukafunguka, joto likanipiga usoni. Joto la Januari lenye chumvi, shati linagandana na mgongo kabla hujafika barabarani. Mke wangu akanitazama. "Baba Rama, ndege imegeuza?"

Mbele minazi, nyuma minazi. Tuktuk zimejipanga, zile zile zetu. Dereva kafunga shuka jeupe kiunoni, akitaka kutembea haraka analikunja juu ya magoti. Kikoi! Tena hapo nina kinyongo. Sisi ukienda na kikoi benki mlinzi anakuuliza umepotea njia, wenzetu mawaziri wanaingia nacho bungeni, kimepigwa pasi.

Njaa ikatushika. Nikamwambia mhudumu, mwanangu, tuletee chakula chenu hasa, kile wageni hawakijui. Akatabasamu, akaenda jikoni, akarudi na muhogo. Muhogo wa kuchemsha, umevurugwa na nazi, pembeni samaki wa mchuzi mwekundu. Akasimama pale akingoja nishangae! Wao wanauita kappa. Akaanza kunisomesha kwamba ulitoka Amerika ya Kusini, na kwamba mfalme mmoja wa Travancore, Visakham Thirunal, ndiye aliyewahimiza raia waupande karne ya 19. Nikasikiliza kwa adabu. Shangazi yangu anauza muhogo wa pilipili na ndimu pale Lighthouse tangu sijaota meno, na mimi nimepanda ndege kuja kufundishwa muhogo! Mchuzi wenyewe, nisiwasingizie, ulikuwa mtamu kuushinda wetu, lakini hilo shangazi halijui na nyinyi hamtamwambia. Asubuhi nikasema leo tubadilishe. Wakaleta appam, unga wa mchele na tui. Vibibi! Ukiuliza kinywaji cha kienyeji unaonyeshwa duka lenye leseni ya serikali na bango mlangoni, ndani wanauza tembo la mnazi. Kwetu mangwe inajificha nyuma ya kichaka, Kerala inalipa kodi.

Basi nikasema chakula kimetushinda, twende tukaone mambo ya kale. Kerala inasifiwa kwa watu wa kila dini kukaa pamoja. Kwa sensa ya 2011 Wahindu ni zaidi kidogo ya nusu, Waislamu zaidi ya robo, Wakristo karibu sehemu ya tano, na Mayahudi walijenga sinagogi pale Mattancherry mwaka 1568, lipo mpaka leo. Sifa nzuri. Ila hakuna anayemwambia msafiri hesabu yake inavyotoka. Ijumaa tukaenda kasri la Mattancherry: Ijumaa hawafungui. Jumamosi tukaenda sinagogi: Sabato. Jumapili asubuhi kanisa la Mtakatifu Francis: ibada, ngojeni nje. Jumatatu ikaja hartal, mgomo wa jimbo zima, hata muuza chai kateremsha mlango. Mahakama Kuu yao iliamua mwaka 2019 kwamba anayeitisha mgomo atoe notisi ya siku saba. Nikauliza notisi iko wapi. Nikaonyeshwa gazeti la Kimalayalam, herufi zimejiviringa kama jalebi. Haya, nimearifiwa.

Ibada ilipokwisha tuliingia kanisani, na hapo ndipo damu ilipochemka. Mtunzaji akatuonyesha jiwe la kaburi la Vasco da Gama, limezungushiwa uzio. Huyu bwana namjua! Aprili 1498 alipita kwetu, na wazee wa Mombasa wakampokea anavyostahili: usiku wakaogelea kwenda kumkatia kamba za nanga. Akaondoka zake. Mambo yalikuwa yaishie hapo. Wakatokea watu wa Malindi, mimi nasema ni kutukomoa sisi tu, wakampa rubani wa kumvusha mpaka pwani ya Kozhikode, huku huku Kerala. Na mpaka leo wanajivunia mnara wake! Akaja kufia Kochi mwaka 1524. Nikiwa bado nanung'unika, mtunzaji akaniambia kwa upole kwamba mifupa yake ilihamishiwa Ureno mwaka 1539.

"Sasa hapa pana nani?"

"Hapana mtu."

Na foleni ya kupiga picha ilifika mlangoni.

Tukashuka ufukweni, Fort Kochi, penye nyavu zile wanazosema zililetwa na Wachina: miti mirefu imeshika wavu mkubwa, na upande wa pili mawe yananing'inia kwa kamba kuusawazisha uzito. Wavuvi wakaniita, ndugu njoo uvute! Mimi na sifa, nikavuta. Nimevuta mpaka kiuno kikalia. Wavu ukapanda na dagaa, kaa mmoja na chupa ya plastiki. Halafu mkono ukanyooshwa, pesa. Pesa ya nini? Ya kuvuta! Kwetu anayesaidia kuvuta juya anapewa kitoweo. Huku nimefanya kibarua, na mshahara nimelipa mimi.

Kule Alappuzha tulilala ndani ya jahazi la nyumba, yale yaliyokuwa yakibeba mpunga. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi. Mwongoza wageni akatuapia kwamba chombo cha kushonwa namna ile hatujapata kukiona. Mke wangu ni mtu wa Lamu, babu zake walikuwa mafundi wa mitepe, vile vyombo vyetu vya kushonwa kwa kamba. Akakoroga chai yake, hakusema neno.

Siku ya kurudi msongamano ukatukamata njia ya uwanja wa ndege. Honi, makelele, hatusogei. Nikachungulia dirishani. Mbele yetu lori, na juu ya lori kasimama ndovu mzima, kafungwa minyororo, kageuza matako upande wetu, anapelekwa kwenye sherehe ya hekalu. Nikapiga ukelele wa furaha! Mimi mzaliwa wa Mombasa, ndovu niliyemzoea ni zile pembe za bati za Moi Avenue. Sasa hiki ndicho nilichouzia pikipiki! Nikatoa simu mbio mbio, nikaanza kurekodi, nikaanza na kutangaza: ndugu watazamaji, jambo kama hili kwetu halipo...

"Baba Rama," mke wangu akasema, "mwaka 2005 wale ndovu wa Shimba Hills si walipakiwa malori wakapelekwa Tsavo?"