Vanga Si Tupu, Sisi Ndio Hatujui Saa Zake

Kila Desemba inapokaribia, mazungumzo ya pwani hapa Nairobi huishia Diani, na anayetaja mahali pengine huulizwa kama huko kuna hoteli. Mimi nilitaja Vanga, mji mdogo wa wavuvi ulio mwisho wa pwani yetu ya kusini, karibu na mpaka wa Tanzania, na binamu yangu akanijibu kwa maneno mawili: "Kuna nini?" Nilikwenda Februari, wakati wa kaskazi, na nimerudi nikiamini kwamba swali lenyewe ndilo lenye kasoro.

Safari si ngumu kwa mwenye subira: treni ya SGR hadi Miritini, feri ya Likoni, matatu ya Lunga Lunga, kisha bodaboda. Nilifika adhuhuri, maji yamekupwa. Mashua zilikuwa zimelala ubavu matopeni, vibaraza havina watu, na katika kibanda cha chai nilimkuta mzee mmoja tu. Nikaandika daftarini kwamba nimeupata mji wa kimya, maneno ambayo leo ninayaonea haya.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikamwambia kwamba kwao kumetulia sana. Alitazama upande wa mikoko, akasema, "Ngoja maji yajae, mwanangu."

Alasiri maji yalipoanza kujaa, mkondo uliopita kati ya mikoko uligeuka kuwa njia kuu. Mashua ziliingia moja baada ya nyingine, na mama karanga, yaani wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga wa kuuza, walikuwa wameshafika na ndoo zao, wakibishana bei na wavuvi kabla hata kamba hazijafungwa. Waliokuwa wamelala mchana kwa sababu walivua usiku waliamka, mizani ikatolewa, na kwa muda hapakuwa na pa kusimama bila kumzuia mtu kazi. Mji haukuwa mtupu hata kidogo. Mimi ndiye niliyefika saa ambayo wenyewe hawaitumii.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosifu pwani "ambayo haijagunduliwa". Wavumba, ambao Kivumba chao kinazungumzwa Vanga na kisiwani Wasini, walikuwa na watawala wao, madiwani, muda mrefu kabla reli haijafika Nairobi mwaka wa 1899. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani walipigana Jasini, ng'ambo tu ya mpaka. Mahali kama hapa hakuna cha kugunduliwa, ila labda watu wa bara hawajapapiga picha za kutosha.

Nikiri pia kwamba anayetaka mchanga mweupe na kuogelea aende Diani kwa amani. Vanga ni mji wa mikoko na matope, na mikoko hiyo ndiyo kinga yake, kwa kuwa mji uko chini na wakati wa bamvua, yaani maji makuu yanayojaa kupita kawaida mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huingia mitaani. Tangu 2019 wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanaitunza kupitia mradi wa kuuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi. Hoteli itakayokata mikoko ili mgeni aione bahari vizuri itakuwa imemletea bahari hiyo chumbani.

Binamu yangu sasa anataka twende Pasaka. Nimemweleza kwamba Pasaka hufuata mwezi mpevu, siku ambazo bamvua haliko mbali, kwa hiyo aje na viatu vya kulowa.