Nimekwama Ndani ya Koti la Mdenishi

Naandika haya saa nne na nusu asubuhi, niko mezani kwangu ofisini, nimevaa koti la baridi kali na zipu imegoma hapa chini ya kidevu. Haipandi, haishuki. Wenzangu wamecheka mpaka wamechoka. Sasa wanapita tu wakinitazama kama watu wanavyolitazama lori lililozimika Ubungo: wa kusukuma hayupo, wa kutoa maoni wamejaa.

Mimi si mtu wa kulalamika, nieleweke. Ni karani mwandamizi wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nina mwaka wa kumi na moja kazini, na nina baiskeli. Mjini hapa ukisema una gari unapewa hongera, ukisema una baiskeli unapewa pole. Ukionekana juu ya baiskeli Dar es Salaam, basi wewe unauza samaki, au unauza kahawa, au unapeleka madumu ya maji. Kundi la nne halijasajiliwa. Juzi nimesimama kwenye taa pale Karume, shati nimechomekea, tai shingoni, mama mmoja akanisogelea, akachungulia boksi langu la nyuma lenye mafaili ya wateja, akauliza, "Baba, kibua unauzaje?"

Kwa nini niliacha daladala, hilo sielezi. Sote tumeshapandia dirishani.

Tatizo ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei kutoka Tabata hadi Posta kwa baiskeli ni safari ya majini. Zamani tulikuwa na rambo, ile mifuko ya plastiki. Moja kichwani, moja kwenye siti, mbili miguuni, ya tano umefungia simu na kitambulisho. Unafika kazini unavua, unakung'uta, umekuwa mtu. Tarehe 1 Juni 2019 rambo zikapigwa marufuku, na mimi na serikali yangu hatubishani, mifereji kweli ilikuwa imeziba. Lakini jaribu kuvaa kichwani ule mfuko mbadala mvua ikiwa inanyesha. Ni sawa na kujifunika kifumbu cha nazi. Maji yote yanapita, na yanakufikia yakiwa yamechujwa.

Sasa ninaye shemeji, mdogo wake mke wangu, anaishi Copenhagen, Denmark. Huyu kila nikilalamika mvua ananitumia sauti ya dakika nne. "Shem, huku wanasema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu." Ananieleza kwamba Desemba jua linazama hata saa kumi jioni haijafika, theluji inaanguka, na bosi wa benki mwenye suti anakanyaga baiskeli na mtoto kamweka kwenye boksi la mbele. Theluji ikianguka, njia kuu za baiskeli zinasafishwa mapema kuliko barabara nyingi za magari. Nikamwambia hata sisi njia za baiskeli za pale Morogoro Road zinapewa kipaumbele: bodaboda wanaziwahi kuegesha, machinga wanawahi kupanga viatu, na mwenye baiskeli anapita katikati ya malori.

Akanitumia na picha ya mji mmoja wa Ufini unaitwa Oulu, huko mpaka watoto wa shule wanaendesha baiskeli juu ya barafu, na wengine tairi zao zina misumari. Hilo halikunishtua. Tairi langu nalo lina misumari, tofauti ni kwamba yao inatokeza nje.

Basi shemeji akaniagiza: tafuta koti la baiskeli la watu wa baridi. Nyuma liwe refu, lifunike makalio ukiinamia usukani. Mikono iwe mirefu kupita kawaida. Makwapani liwe na zipu za kupitishia hewa. Lisiingize maji, na liwe na mistari inayong'aa taa ya gari ikilimulika. Na liwe limekatwa vizuri, Shem, ukishuka kwenye baiskeli uingie nalo kwenye kikao. Hapo kwenye kikao ndipo aliponimaliza.

Jumamosi nikaenda Karume, kwenye soko la mitumba.

Koti niliona kwa mbali, linaning'inia peke yake kwenye nondo. Rangi ya wingu la mvua, mstari wa fedha mgongoni, lebo yake ina ile herufi O iliyokatwa mstari kama imefutwa na mwalimu. Kijana wa mtumba akaniwahi kabla sijasimama vizuri.

"Bosi! Karibu bosi wangu. Hilo ni la baiskeli, hilo. Elfu arobaini. Belo nimekata mwenyewe asubuhi, halijashikwa na mtu."

Nikasema elfu nane.

Papo hapo nikavuliwa ubosi. "Wewe braza, elfu nane nikupe kola?" Nikasema tisa. Akageukia wateja wengine, akaanza kupiga kofi na kuimba bei za fulana, mimi nikawa sipo. Nikapanda kumi na mbili, nikawa anko. Kumi na nne, nikawa mzee wangu. Nikagundua mtu huyu ana ngazi ya vyeo imepangwa kichwani, na ubosi unaanzia elfu ishirini. Nikaamua kubaki kwenye uzee, ni cheo cha heshima na hakina gharama kubwa.

"Mzee wangu, basi lijaribu kwanza. Koti hulinunui kwa macho."

Nikalivaa. Saa saba mchana, chini ya turubai la bluu, katikati ya Karume, nimefungwa zipu mpaka kidevuni na mtu nisiyemjua. Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akanimwagia begani bila hodi. Na kweli, Mungu ni shahidi, maji yakakusanyika vitone vitone yakateleza kama juu ya jani la mgimbi. Watu wakasimama. Mtu wa Dar akiona mwenzake anamwagiwa maji na hapigani, lazima asimame. Kijana alipoona umati umekuja akamwaga tena, mara hii kwa mbwembwe, na maji yakaniingia shingoni mpaka kiunoni.

"Limevuja hili!" nikasema.

"Halijavuja, mzee. Hayo yamepita shingoni. Shingo ni ya kwako."

Bodaboda mmoja aliyekuwa pembeni akanishauri kitaalamu nilivae kinyume, zipu ikae mgongoni, ndivyo wao wanavyofanya, upepo hauingii kifuani. Nikamuuliza, zipu ya mgongoni nani ananifunga? Akasema, abiria. Nikamwambia baiskeli yangu haina abiria. Akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Nikatia mkono mfukoni. Mtumba ni lazima ukaguliwe mifuko, wenzangu mnajua, kuna mtu alikuta ufunguo wa nyumba na hajui nyumba iko nchi gani. Mimi nikatoa kipande cha karatasi ya kufutia mafua, kimefuliwa kikawa unga, na sarafu moja ya rangi ya fedha yenye tundu katikati.

Hapo biashara ikasimama.

"Hiyo haimo kwenye bei," kijana akasema.

"Koti nanunua na vilivyomo ndani yake."

"Ungekuta nyoka ungemlipia?"

Mzee mmoja muuza mikanda akaichukua, akaisogeza jichoni, akatuchungulia sote kupitia tundu. Akasema hii ni senti kumi ya mkoloni, zile walikuwa wanazitunga kwenye uzi kama shanga. Jirani yake akabisha, hii ni ya Mjerumani, inaitwa heller, hata neno hela limetoka hapo. Wote wawili kuhusu matundu walikuwa sahihi, pesa za kale kweli zilikuwa na tundu, ila mimi niliyevaa miwani nikawasomea: krone moja. Pesa ya Denmark, na mpaka leo wanaitumia vilevile na tundu lake.

"Krone moja ni shingapi?"

Kimya. Simu zikatoka. Mmoja kasema bando limeisha, mwingine kasema pesa yenye taji haiwezi kuwa chini ya laki. Kijana akalikamata koti, nikiwa bado nimo ndani, akatangaza bei imerudi elfu thelathini na tano. Nikamwambia kama sarafu ina laki, abaki nayo na koti anipe bure. Akafikiri. Nilimwona akifikiri kweli. Muuza mikanda akaona huruma, akatoa suluhisho la wazee: irusheni hiyohiyo. Kichwa au mwenge?

Nikasema kichwa. Ikapanda, ikashuka kwenye rundo la suruali za jinzi, tukaifukua. Tukaitazama upande huu, tukaigeuza. Haina kichwa. Ina alama za taji na tundu. Haina na mwenge. Tukasimama watu wazima kumi na mbili tumeinamia tundu.

Nililipa elfu kumi na nane na sarafu akabaki nayo. Alinisindikiza kwa jina la "baba".

Jumapili mvua haikunyesha. Ni wazi.

Leo asubuhi mvua ile mliiona wenyewe. Nikavaa koti, nikafunga zipu, mke wangu akasema nimefanana na mtu wa kufukiza mbu, nikatoka kama waziri. Mpaka Tabata Relini nilikuwa mfalme. Maji yanapiga kifuani, yanateleza, yanaanguka. Nyuma koti limefunika kila kitu, kama shemeji alivyosema. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Buguruni mluzi ukakata. Nikahisi tone linashuka mgongoni. Nikajua limevuja. Halikuvuja, ndugu zangu. Mvua ilikuwa nje, na mvua nyingine ilikuwa ndani. Jasho linatoka kisogoni, linapita mgongoni, linaingia kwenye soksi. Fulana imenata. Nikafungua zipu za makwapani, ikaingia hewa ya moto kama ya mdomo wa tanuri. Pale Ilala Boma nilikuwa nachemka taratibu kama maharage.

Nikampigia shemeji nikiwa nimejibanza chini ya kibanda. Akacheka, kisha akanifundisha. Makoti haya, anasema, ndani yana utando wenye vitundu vidogo mno. Tone la maji ni kubwa, halipiti. Mvuke wa jasho ni mdogo, unapita. Aligundua Mmarekani mmoja, Bob Gore, mwaka 1969, alivuta kwa ghafla ile plastiki ya kwenye vikaango visivyonata, ikarefuka ikawa na vitundu.

"Shem, nimevaa kikaango?"

"Si kikaango, Shem. Lakini mvuke unatoka kama nje kuna baridi na hewa ni kavu kuliko ndani ya koti. Nje kukoje hapo?"

Nje ni Aprili. Nje ni Ilala. Hewa ya nje na hewa ya kwapani mwangu zilikuwa zinalingana unyevu, hakuna iliyokuwa na sababu ya kuhama. Akaniambia basi kwa joto letu bora ponchio, lile vazi la mvua kama shuka lenye tundu la kichwa, linafunika mpaka kwenye usukani na hewa inapita chini. Anayasema haya leo. Jumamosi nilipomtumia picha ya koti alijibu kwa moto tatu na makofi.

Mlinzi wa getini hakunitambua. Miaka kumi na moja nampa pole na kazi kila asubuhi, leo kanizuia na rungu: "Mzigo acha hapo chini, wataalamu wako kwenye kikao." Nikamwambia mmoja wa wataalamu ni mimi. Akaniomba nivue koti anione. Ndipo nilipovuta zipu, na ndipo ilipouma kitambaa na kukataa.

Cha ajabu, nilipoingia ofisini koti likaanza kufanya kazi. Meneja wetu kiyoyozi anakiweka nyuzi 16, sababu anazo yeye na Mungu wake. Wahasibu wanafanya kazi wamejitanda khanga mabegani, dada wa mapokezi ana sweta mwaka mzima. Mimi baada ya dakika ishirini jasho limekauka, mwili umetulia, mvuke umepita kwenye vitundu vya Bob Gore kama alivyokusudia. Dada wa mapokezi amenipapasa mkono wa koti, ameniuliza nilipolinunua, amesema ananipa elfu ishirini na tano sasa hivi. Faida ya elfu saba. Zipu haifunguki.

Wamejaribu sabuni. Wamejaribu mshumaa. Kijana wa stoo kaleta koleo, nikamkatalia, kidevu kiko karibu. Mhasibu mkuu kapendekeza kulikata, na dada wa mapokezi amesema likikatwa bei inashuka hadi elfu tano.

Nimeshuka kwa fundi cherehani wa kibarazani hapa chini, nje jua limeshatoka, unajua lile jua la baada ya mvua. Kaitazama zipu, kanizungusha, kasema kichwa cha zipu kimekufa, elfu tatu, ila ana sare za shule za watu mezani, koti niliache nije Alhamisi.

Nikamuuliza naliachaje.

Akafikiri kidogo, akanivutia kigoda. "Basi kaa hapo."